Machungwa na Malimau: Jinsi ya Kuyaweka Yasioze, na Faida Yake Mwilini

Wakulima wengi wa machungwa hupata hasara mara mbili katika msimu mmoja. Hasara ya kwanza huonekana kwa macho. Gunia lililojazwa Jumatatu hufunguliwa Ijumaa, na ndani yake mna ukungu wa kijani na maji yanayonuka. Hasara ya pili haionekani upesi. Mtoto wa nyumba hiyo hiyo hula ugali na maharagwe na kuteremshia kwa chai, kisha mama yake huambiwa zahanati ya kuwa damu ya mtoto ni haba, na hali machungwa yanaoza uani, hatua chache kutoka mlangoni. Somo la mwezi huu ni juu ya hasara zote mbili.

Tukisema machungwa, twataka msomaji afikirie jamii nzima ya matunda hayo: machungwa, machenza, malimau, ndimu, madanzi na mabalungi. Bara watu wengi huyaita malimau ndimu. Katika somo hili ndimu ni ile ndogo ya mviringo yenye ganda jembamba, na limau ni lile kubwa lenye chuchu mwishoni.

TUNDA HALIIVI GHALANI

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba chungwa haliivi baada ya kuchumwa. Embe na ndizi huchumwa zikiwa zimekomaa lakini bado ni ngumu, nazo huendelea kuiva ndani ya nyumba, kwa sababu zina wanga ambao hugeuka sukari. Chungwa halina akiba hiyo. Utamu uliokuwamo siku ulipolikata ndio utakaokuwamo siku ya kuliwa. Kwa hiyo mkulima anayechuma mapema ili awahi bei, akitumaini ya kuwa machungwa yatapata utamu njiani, humwuzia mnunuzi tunda chachu, na mnunuzi huyo hatarudi kwake.

Wala rangi ya ganda si ushahidi wa kutosha. Ganda hugeuka manjano vizuri mahali ambapo usiku ni wa baridi. Kilifi na Kwale, ambako usiku ni wa joto, chungwa huweza kuwa limeiva kabisa na ganda bado ni kijani. Njia iliyo hakika ni kuonja. Chuma machungwa matano au sita kutoka pande mbalimbali za shamba, yakate, uone kama yana maji mengi na utamu wa kuridhisha, ndipo uite wachumaji.

Kwa kuwa tunda halina haraka ya kuiva, mti wenyewe ni ghala la kwanza, tena ghala lisilo na gharama. Chungwa lililoiva laweza kukaa mtini kwa majuma kadhaa bila kuharibika, na aina ya Valencia husifiwa hasa kwa jambo hilo. Mkulima mwenye akili huchuma kwa mafungu, kadiri ya soko, badala ya kuangusha shamba zima kwa siku moja wakati jirani zake wote wanafanya vivyo hivyo na bei iko chini. Lakini asipite kiasi. Matunda yaliyoachwa muda mrefu mno hukauka ndani, huanguka, huwaita nzi wa matunda, na mti uliobebeshwa mzigo hadi mwisho huweza kuzaa haba msimu unaofuata.

MKONO WA MCHUMAJI

Sasa twafika mahali ambapo machungwa mengi huharibiwa, nako si ghalani wala lorini, ni pale pale chini ya mti. Ule ukungu wa kijani unaoujua hutokana na vumbi jembamba kuliko unga, ambalo limo hewani, katika magunia ya zamani na juu ya kila tunda bovu. Chungwa moja lililooza hutoa mamilioni ya chembe za vumbi hilo. Lakini ukungu huu una udhaifu mkubwa: hauwezi kupenya ganda zima. Ni lazima upate mlango. Mlango huo ni jeraha, hata likiwa dogo kama alama ya ukucha, na katika hali ya joto siku tatu hivi zatosha jeraha hilo kuwa doa laini lenye maji.

Basi hesabu mwenyewe. Tuseme gunia lina machungwa 300, na katika kila 10 moja limejeruhiwa. Hayo ni machungwa 30, kila moja likigusana na jirani zake pande zote. Baada ya juma moja hakuna anayeweza kuhesabu hasara yake.

Kwa sababu hiyo chungwa halivutwi, hukatwa. Ukilivuta, kikonyo hung'oka pamoja na kipande cha ganda, na tundu hubaki wazi juu ya tunda. Tumia mkasi wa kupogolea, ukate kikonyo kifupi karibu sana na ganda. Kikiachwa kirefu huwa kama mkuki, na hulichoma chungwa la jirani kikapuni. Wachumaji wengine hukata mara mbili: mara ya kwanza kulitoa tunda tawini, mara ya pili kusawazisha kikonyo. Kazi hiyo yaonekana ya polepole, lakini si polepole kama kutupa gunia zima. Wachumaji wakate kucha zao. Kikapu kitandikwe gunia safi ndani. Tunda lishushwe kwa mkono, lisitupwe. Ama desturi ya kumpandisha kijana mtini atikise matawi, na wengine waokote chini, hiyo yafaa kwa machungwa yatakayokamuliwa leo hii tu.

Usianze kuchuma kabla umande haujakauka, wala mara baada ya mvua. Wakati huo ganda limejaa maji na limekaza, na vile vifuko vidogo vya mafuta vilivyomo ndani ya ganda hupasuka hata kwa kubanwa kidogo. Mafuta hayo huliunguza ganda, yakaacha madoa ambayo mnunuzi huyaona siku ya pili au ya tatu. Subiri hadi jua lipande, matunda yakauke.

Machungwa yakiisha kuchumwa yawekwe kivulini papo hapo. Yaache hapo siku mbili katika tabaka chache, mahali penye hewa, kabla ya kuyachagua. Ganda litalegea kidogo, na yale yaliyojeruhiwa yataanza kujionyesha. Ukichagua siku ya kuchuma, utayapitisha mengi mabovu kwa sababu jeraha bado ni bichi na macho hayalioni. Yaliyo mazima kabisa ndiyo ya kuwekwa akiba au kupelekwa soko la mbali. Yenye mikwaruzo yauzwe karibu na nyumbani, upesi. Yenye tundu yaliwe siku hiyo hiyo, na yaliyooza yaondolewe kabla hayajatoa vumbi lake.

GHALA, MAKAA NA FRIJI

Tunda lililochumwa bado li hai. Huvuta pumzi na kutoa joto na maji. Joto likizidi, hupumua kwa haraka na kuchakaa kwa haraka. Hewa ikiwa kavu mno, maji hutoka, ganda hukunjamana, na yule anayeuza kwa kilo huwa anapoteza fedha kila siku bila kuibiwa na mtu. Ghala zuri ni lenye ubaridi na unyevu wa kiasi, hewa ipite, na jua lisiingie.

Yapange machungwa katika kreti au masanduku ya mbao yenye nafasi, tabaka mbili au tatu, yasirundikwe sakafuni. Kama ni machache na wayataka yakae sana, yafunge moja moja kwa karatasi kavu, ili moja likioza lisimwambukize jirani. Uyakague kila baada ya siku mbili. Usiyaweke chumba kimoja na ndizi au maembe yanayoiva, maana matunda hayo hutoa hewa inayoyafanya machungwa yazeeke na kuoza penye kikonyo. Usiyaoshe kabla ya kuyaweka, isipokuwa una njia ya kuyakausha kabisa, oshea mezani. Na usiyafungie katika plastiki isiyopitisha hewa, maana jasho lake ndilo litakaloamsha ukungu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, na kwa upande wa machungwa hatuoni hasara yoyote.

Juu ya gunia tuna neno. Gunia lililojazwa hadi kuvimba, kisha likaongezwa kilemba cha kamba juu, humnyonya mkulima mara mbili. Huuza machungwa mengi kwa bei ya gunia moja, na yale ya chini hupasuliwa na uzito wa yale ya juu kabla lori halijafika lami. Kreti hugharimu fedha, ni kweli, lakini hurudi, na yafaa wakulima wa kijiji kimoja wazinunue kwa shirika.

Mkulima wa Makueni, Machakos au mahali pengine penye hewa kavu anaweza kujenga ghala la makaa bila umeme. Kanuni yake ni ile ile ya mtungi wa maji: maji yakikauka juu ya udongo huchukua joto, na yaliyomo ndani hupoa. Jenga kibanda kidogo kivulini, chenye kuta za nyavu mbili za waya zilizoachana kama sentimita 10, ujaze vipande vya makaa katikati, uezeke paa nene la nyasi, na utie mlango wa namna hiyo hiyo. Makaa yamwagiwe maji asubuhi, adhuhuri na jioni, yasikauke. Ndani patakuwa na ubaridi kuliko nje kwa nyuzi kadhaa, na unyevu ulio mzuri kwa ganda. Lakini mwenzetu wa Pwani asijisumbue sana kwa ghala hili. Huko hewa imekwisha kujaa maji, na maji hayakauki upesi, kwa hiyo ubaridi utakaopatikana ni mdogo. Yeye atumie kivuli, upepo wa bahari, na kuchuma kidogo kidogo.

Penye friji au chumba cha baridi, machungwa hupenda nyuzi 3 hadi 8 za Selsiasi, na katika hali hiyo huweza kukaa miezi miwili na zaidi. Malimau, ndimu na mabalungi hayapendi baridi kali hivyo. Yakikaa muda mrefu chini ya nyuzi 10 hivi, ganda hufanya vishimo vya rangi ya kahawia, na mwenye mali hudhani ni ugonjwa wa shambani.

YASIYOWEZA KUKAA

Hata mkulima mwangalifu atabaki na matunda yasiyofaa kuwekwa. Ndimu zilizozidi hutiwa achari. Zioshwe, zikaushwe, zikatwe vipande vinne bila kuachanishwa chini, zitiwe chumvi nyingi na pilipili, zishindiliwe katika chupa ya kioo na kuanikwa juani siku nyingi hadi ganda lilainike. Chumvi na uchachu wake huzuia uozo. Madanzi, ambayo wengi huyaona hayana kazi kwa uchungu wake, ndiyo bora kuliko yote kwa kupikia jamu ya machungwa. Maji ya machungwa yakamuliwe wakati wa kunywewa, wala yasilazwe ndani ya sufuria ya alumini, maana uchachu hula madini hayo.

Lakini mama wa nyumbani ajue ya kuwa achari na jamu huhifadhi ladha zaidi kuliko nguvu. Ile nguvu kubwa ya machungwa, ambayo ndiyo vitamini C, hupunguzwa na moto, na hewa, na siku nyingi. Watu walilijua jambo hili kwa kulipa maisha yao, na sehemu ya habari hiyo ilitokea katika pwani yetu.

MABAHARIA WA MOMBASA NA MALINDI

Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, mtawala wa mji alimpelekea kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Mmoja wa watu wake aliyeandika habari za safari hiyo asema wagonjwa wao walipona hapo, naye akadhani ni kwa sababu ya hewa nzuri ya mji. Mwaka uliofuata walirudi kutoka Bara Hindi baada ya karibu miezi mitatu baharini bila matunda mabichi. Ufizi wao ulivimba hata ukafunika meno, miguu nayo ikavimba, na watu 30 wakafa njiani. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, wagonjwa walitamani machungwa, yakaletwa kutoka mjini. Kwa wengi ilikuwa wamechelewa, wakafa hapo hapo bandarini.

Ugonjwa ule ni kiseyeye. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye na kuwagawa wawili wawili, kila jozi ikapewa dawa yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, na kadhalika. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kwa kila mtu kila siku. Baada ya siku sita matunda yalikwisha, lakini mmoja wao alikuwa karibu mzima wa kurudi kazini. Jambo la kusikitisha ni kwamba Lind huyo huyo alishauri maji ya matunda yapashwe moto hadi yawe mazito, yawekwe chupani kwa safari ndefu. Moto uliiondoa ile nguvu aliyotaka kuihifadhi. Ilikuwa mwaka 1795 jeshi la majini la Uingereza lilipoanza kuwagawia mabaharia wote maji ya malimau, na kiseyeye kikapungua sana.

CHUNGWA MEZANI

Siku hizi kiseyeye ni nadra kwetu, lakini upungufu wa damu si nadra, hasa kwa watoto wadogo na kina mama wajawazito. Maharagwe, kunde, ndengu na mchicha vina madini ya chuma ambayo mwili huyatumia kufanyiza damu. Taabu ni kwamba chuma kilichomo katika mimea huingia mwilini kwa shida. Vitamini C hukifungulia njia, lakini sharti vikutane tumboni katika mlo mmoja. Chungwa lililoliwa saa kumi halisaidii maharagwe ya saa saba. Chai nayo hufanya kinyume: huzuia chuma kisiingie. Kwa hiyo ile desturi ya kunywa chai pamoja na maharagwe yafaa ibadilishwe. Chai ingoje saa moja au mbili, na mahali pake pawe na chungwa au chenza. Mboga zikiisha kuepuliwa motoni, kamulia limau juu yake zikiwa tayari sahanini. Ukilitia wakati mboga inachemka, umeupa moto sehemu ya watoto.

Kiasi chake si kikubwa. Gramu 100 za chungwa lililomenywa zina miligramu 50 hivi za vitamini C. Chenza na ndimu zina karibu 30. Mtu mzima huhitaji miligramu 45 kwa siku, kwa kipimo cha mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na chakula, kwa hiyo chungwa moja la kadiri latosha. Mwili hauweki akiba kubwa. Kinachozidi hutoka kwa mkojo. Machungwa saba Jumapili hayalingani na moja kila siku, na hii ndiyo sababu ya mwenye shamba kuweka kando kreti moja ya nyumbani kabla mchuuzi hajafika.

Lile chungwa lililiwe zima pamoja na nyama yake. Watu wengi hufyonza maji na kutema makapi, kumbe makapi hayo ndiyo yanayosaidia tumbo kufanya kazi yake na kumzuia mtu asifunge choo. Mwenye ugonjwa wa sukari afadhali ale chungwa kuliko kunywa bilauri ya maji yake, kwa sababu bilauri moja huchukua machungwa matatu au manne na sukari huingia mwilini kwa ghafula. Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe maji ya machungwa wala kitu kingine, ni maziwa ya mama tu. Anayenyonya malimau kila siku asukutue kwa maji safi baadaye, maana uchachu hula meno.

Chungwa si dawa ya malaria, wala mtu asiache vidonge vya zahanati kwa sababu ya ndimu na maji moto. Na anayetumia dawa za presha au za kupunguza mafuta katika damu amwulize mganga wa hospitali kabla ya kula balungi. Tunda hilo huzifanya baadhi ya dawa hizo zikae mwilini kwa wingi kuliko kipimo alichoandikiwa, na bilauri moja ya maji yake huweza kuwa na nguvu hiyo hata siku inayofuata.